Magamba ya Mwenye Jina

Mikumi, 11 Februari 2024

Kwa Shangazi Yusta, Munisagara.

Shangazi, shikamoo. Pokea mbili, moja ya leo na moja ya Krismasi ambayo sikuja. Mimi mzima, nakula, nalala, na hapa Mikumi hakuna anayeosha lori kama mimi. Madereva wa Tunduma wakifika wanauliza, "Yuko wapi Theo?" Wengine wanakaa kivulini wakiningoja mimi tu, na Lucas yuko pale na brashi mkononi hana kazi. Babu Emanueli hajambo? Kuku je? Yule jogoo mwenye kiburi bado hamjamla?

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilizama kwenye pipa la maji ya sabuni, na yako haishiki mtandao mpaka upande kilima kama Musa anakwenda kupokea amri. Basi nampa kondakta wa Kilosa, anaiacha dukani kwa Bi Magreti pale Mabwerebwere, nawe utaipata mtu wa kwenu akipita. Mwandiko wangu uvumilie. Kidato cha pili kilinitosha, ingawa walimu wanasema mimi ndiye niliyewatosha wao.

Sasa la maana. Nimeota magamba. Yalianza kwenye viwiko, yakaja magotini, sasa yako kichwani. Mabaka mekundu, juu meupe kama samaki aliyekaushwa. Yanawasha, nikikuna yanadondoka. Lucas hataki tena tutumie beseni moja. Bosi Wenceslaus ameniambia nivae mikono mirefu ili wateja wasiogope. Nimemwambia hata twiga ana mabaka, na Wazungu wanapanda ndege kuja kumpiga picha. Hakucheka.

Watu wa ukoo waliopita hapa kwenda Ruhembe kukata miwa waliniangalia, wakanong'ona. Wanasema Baba Mkubwa Theodory, niliyepewa jina lake, alikuwa nayo haya haya. Basi nauliza, alikufa na nini?

Mimi wako,
Theo wa Malori.


Munisagara, 2 Machi 2024

Kaka yangu kwa jina, mwanangu kwa damu,

Marahaba, zote mbili. Ya Krismasi nimeipokea kwa shingo upande.

Sisi tu wazima. Mvua zimetuzidi, mpunga wa bondeni umelala. Babu Emanueli anakohoa lakini bado anagomba, kwa hiyo ni mzima. Jogoo yupo. Umoja wa Akina Mama tumepaka chokaa ukuta wa kanisa upande wa mashariki. Upande wa magharibi pesa ziliisha. Kuku mmoja ametotoa chini ya kitanda changu na sasa analala humo kama mpangaji. Barua yako ilikaa dukani kwa Magreti kwa sababu njia ya huku imekatika.

Andika juu ya mstari, mwandiko usipande na kushuka. Hilo hata darasa la tatu wanalijua.

Nisikilize, Theodory. Hayo yanayodondoka usiyaache chini. Mahali unapofanyia kazi wanapita watu wa kila namna, na kitu kilichotoka mwilini mwa mtu si takataka. Yakusanye, yafunge kwenye karatasi safi, nitumie mimi. Usimpe mwingine, usimwonyeshe mwingine. Nakuomba kwa jina ulilobeba.

Na usikune. Paka mafuta ya nyonyo kabla ya kulala.

Shangazi yako,
Yusta.


Mikumi, 20 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimekuuliza mtu alikufa na nini, umenijibu habari za kuku aliyetotoa. Sawa. Hongera kwa vifaranga.

Kifurushi chako hiki hapa, nimekibana kwenye karatasi ya daftari kama ulivyosema. Kitunze, ni mwili wa mtu mashuhuri.

Lakini umechelewa, maana nimepona. Ndiyo, soma tena. Yupo dada mmoja anaitwa Loveth, ana kibanda cha vipodozi kando ya barabara kuu. Alinitazama kiwiko akasema, "Kumbe ndiyo hii tu?" Akanichanganyia mkorogo wake kwenye kopo la siagi. Unajua mkorogo, ule wanaopaka akina dada wawe weupe. Nimepaka asubuhi na jioni. Shangazi, magamba yamekimbia kama wanafunzi walioona mwalimu wa zamu. Ngozi imekuwa laini kama ya mtoto wa waziri. Lucas amerudi kwenye beseni. Mimi nilimwachia tu nafasi ya kuona aibu.

Kitu kimoja kinanisumbua kidogo, nakuandikia ili ucheke. Nikifuta saitimira za malori, vile vioo vya pembeni, naona humo mtu nyuma yangu. Anasimama pale karibu na pipa. Nikigeuka, hayupo. Nilimwambia Lucas, akaniuliza nimevuta nini asubuhi ile. Sikuvuta kitu. Mimi nadhani ni mteja anayeona haya kuuliza bei.

Salamu kwa jogoo.

Theo.


Munisagara, 12 Aprili 2024

Kaka yangu Theodory,

Marahaba. Pasaka ilipita vizuri, watu walijaa mpaka nje. Babu Emanueli alisinzia kwenye mahubiri akaamka kwenye sadaka, kama kawaida yake. Vifaranga wawili wamechukuliwa na mwewe.

Kifurushi kilifika. Usimwambie mchungaji wala mtu yeyote, lakini nilikipeleka ng'ambo ya mto kwa mtaalamu. Alikimwaga kwenye ungo, akakitazama mpaka nikachoka kusimama. Akasema, "Huyu si mgonjwa. Huyu anadaiwa na mwenye jina lake." Marehemu kaka yangu anataka jina lake, Theodory. Amechoka kuliona linatembea barabarani bila yeye.

Nimekaa na Babu Emanueli na wazee. Tumekubaliana kurudisha jina. Baada ya mavuno ukoo utakusanyika, wewe utakuja, jina litawekwa kaburini na utaondoka na jina jipya. Wazee wamependekeza Goodhope.

Ila lipo sharti, na halina mjadala. Mpaka siku hiyo usipake dawa yoyote, si ya dukani, si ya hospitali. Mwenye jina anataka akuone kama yeye alivyokuwa. Ukijipaka, unamfungia mlango.

Umeuliza habari zake. Alikuwa mpole. Alivaa mikono mirefu hata jua la mwezi wa kumi, na alikuwa na tabia ya kufunga vifungo vya mkononi, kufungua, kufunga tena, akiwa anazungumza na mtu. Alifariki akiwa na ngozi hiyo hiyo. Hilo linatosha.

Yusta.


Munisagara, 4 Mei 2024

Theodory,

Mbona kimya? Mtu wa Magreti amepita leo mikono mitupu. Nakuandikia haraka kabla hajarudi Mabwerebwere. Mchele umetengwa, ndugu wa Ruhembe wamejibu kuwa watakuja. Mbuzi amechaguliwa, yule mwenye doa. Nataka kujua jambo moja tu, dawa umeacha? Ukiwa umeacha, vumilia. Ukiona mwili unachachamaa, usiogope, ndiyo njia. Vumilia mpaka siku yenyewe.

Yusta.


Mikumi, 4 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Nilitaka nikuchekeshe, na bado nataka. Kile kifurushi hakikuwa magamba yangu. Kilikuwa ukoko wa ugali. Niliukwangua kwenye sufuria ya Debora mwenye nyumba, nikausaga kwa chupa, nikakutumia. Mtaalamu wako amezungumza na sufuria. Nilipanga nikusimulie siku ya sherehe, mbele ya wazee wote, nione sura ya Babu Emanueli.

Sasa sehemu isiyochekesha. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini ilipofika habari ya vifungo. Mimi nilikuandikia kuwa yupo mtu kwenye kioo. Sikukuambia anafanya nini. Anafunga kifungo cha mkono, Shangazi. Anafungua, anafunga. Nilikuwa najipa moyo kuwa ni mimi mwenyewe, maana navaa mikono mirefu. Lakini siku moja nilimwona nami nimevua shati.

Basi mkorogo nikautupa siku hiyo hiyo. Ukoko au si ukoko, nikaona nisishindane na mtu nisiyeweza kumgeukia.

Tangu nimeacha, mambo si mazuri. Magamba hayakurudi yalipokuwa, yamerudi kila mahali. Nimekuwa mwekundu mwili mzima kama niliyebabuliwa na maji ya moto. Ngozi inatoka vipande. Debora anafagia chumba asubuhi, mchana panahitaji kufagiwa tena. Miguu imevimba, kazini siendi. Jua linawaka, wenzangu wamevua mashati, mimi natetemeka kwa baridi. Nitumie blanketi, Shangazi.

Mwenye jina anitazame vizuri basi. Sidhani niliwahi kufanana naye kuliko sasa.

T.


Mikumi, mlangoni kwako, 16 Mei 2024

Mwanangu,

Barua yako niliipata juzi. Nilipanda kilima nikapiga namba yako ya zamani, ingawa ulishaniambia simu ilizama. Nilipiga tena na tena. Nikashuka, nikachukua blanketi, nikaja.

Nimekuta mlango umefungwa. Debora anasema Lucas na msichana wa vipodozi walikupakia kwenye lori tupu lililoelekea upande wa Morogoro. Anasema ulikuwa unaongea lakini hukuwa unaongea nao. Hajui hospitali gani. Nakwenda kuitafuta hata kama ni moja moja. Nakuachia karatasi hii chini ya mlango, tukipishana njiani uisome, kwa maana sijui kama nitaweza kuyatamka haya nikikuona.

Uliniuliza kaka yangu alikufa na nini.

Nilikuwa darasa la nne. Theodory alikuwa amepata nafuu. Pale zahanati ya misheni walimpa dawa nyeusi inayonuka lami pamoja na mafuta ya mgando, na mabaka yalikuwa yamefifia, akaanza kukunja mikono ya shati. Nakumbuka viwiko vyake. Halafu mwaka ule mvua zikakosekana, wazee wakasema ukoo una deni, na mwenye deni anaonekana kwa ngozi yake. Baba akamwambia aache dawa mpaka siku ya tambiko. Pia kuna mtu alimpa kitu cha kunywa ili kumsafisha. Akawa mwekundu kama unavyoandika wewe. Tambiko likaahirishwa kwa sababu mjomba mmoja alikuwa safarini. Likaahirishwa tena kwa sababu ya msiba wa jirani. Sisi tunatoka jasho, yeye anaomba blanketi. Uliposema "nitumie blanketi" niligeuka nikatazama kitanda, maana neno hilo nimelisikia katika chumba hicho hicho ninacholala.

Walipokubali kumpeleka Kilosa, walimweka kwenye toroli ya mafundi wa reli. Hakufika. Palikuwa karibu sana, majengo ya mji yanaonekana.

Theodory hakuuawa na magamba. Aliuawa na kungoja. Hatukuwahi kulisema, tulisema tu "ile ngozi". Nami nikakuandikia maneno yale yale ya baba yangu, neno kwa neno. Nilipoyaandika niliisikia sauti yake, nikadhani ni hekima.

Usingoje. Popote ulipo, wakikupa dawa, meza. Wakikupa ya kupaka, paka. Mwenye jina akija kukutazama, mwambie Yusta amesema asikusumbue.

Shangazi yako.


Wodini, 9 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia wewe uliyeondoka hapa jana. Lucas amekuja kunitazama, ameniletea karatasi yako uliyosukuma chini ya mlango. Debora aliitunza kwenye Biblia. Kumbe ulikaa kando ya kitanda changu siku zote zile, ukinilisha uji, ukinisimulia kuku, mwewe na chokaa ya upande wa magharibi, na haya yote unayo kifuani. Nimesoma mara moja. Sijaweza mara ya pili.

Basi nikupe habari za kitaalamu, maana sasa mimi ni msomi. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Daktari ni mama mmoja mkali, miwani yake iko kwenye ncha ya pua. Alimwita Loveth aje na kopo jingine la ule mkorogo, akalinusa, akasema humo mmechanganywa dawa kali ambayo mtu hajipakii ovyo mwili mzima, na aliyezoea kujipaka akiiacha ghafla ngozi inalipuka. Loveth alilia. Mimi nikamwambia asilie, alikuwa ameniponya mwezi mmoja mzuri sana.

Lucas ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye lori. Alijinawa sana baadaye, lakini alinibeba. Daktari amemwambia hauambukizi, si kwa beseni, si kwa shuka, si kwa kubebana. Amechukua kijiko changu, amemalizia uji wangu.

Nilimuuliza daktari nitapona lini. Akasema, "Huu hauponi, unatulia. Kazi yako ni kuujua." Unachokozwa na mambo. Maumivu ya koo, pombe, ngozi ikichubuka, sabuni kali, na mawazo. Nikamwambia mawazo sina, kichwa changu chepesi. Akanitazama juu ya miwani. Nikamweleza habari ya kioo. Hakucheka na hakusema ni uongo. Aliandika kitu, akaniuliza, "Bado anakuja?"

Nikamwambia huku hakuna saitimira.

Goodhope tafuteni mwingine. Mimi jina siachi, Shangazi. Mtu alinyimwa dawa, alinyimwa safari, sasa mnataka kumrudishia jina kaburini alale nalo peke yake?

Theodory.


Munisagara, 14 Julai 2024

Theodory,

Marahaba. Ndugu walikuja. Mchele ulikuwa umeshatengwa na mbuzi ameshachaguliwa, sikuona sababu ya kuwarudisha.

Walipomaliza kula nilisimama. Mwanamke hasimami kwenye kikao kile, lakini nilisimama. Nikawaambia kaka yangu alikufa na nini. Nililitaja toroli. Nilimtaja baba. Babu Emanueli akasema, "Yusta, kaa chini, wafu wamelala." Nikamwambia, "Huyu hajalala, Baba Mdogo. Na wewe unajua, ulisukuma toroli."  Aliinuka akatoka. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha mikono kwenye karai, mikono imeshakuwa safi naye anaendelea.

Jina limebaki kwako. Wazee wamekubali, au wamechoka.

Sikudanganyi kwamba nyumba imetulia. Bado namsikia kaka yangu humo chumbani. Lakini zamani nilikuwa nikimsikia naimba wimbo wa kanisani ili nisisikie. Sasa nanyamaza.

Paka dawa yako.

Yusta.


Mikumi, 3 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Nipo kazini, nimerudi na cheo. Bosi Wenceslaus amenipa kazi ya kupokea wateja ili nisichezee sabuni kali, kwa hiyo sasa mimi ni meneja na Lucas anaosha. Usimuulize yeye, atakupa tafsiri nyingine.

Mwezi uliopita yalirudi. Koo lilinishika, na siku chache baadaye mabaka yakatokea mgongoni na kwenye nywele. Theo wa mwanzo wa mwaka angekimbilia kopo la Loveth. Mimi nikaenda kutibiwa koo kwanza. Nikaoga maji ya uvuguvugu, si ya moto. Nikajipaka yale mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, na dawa ya lami kwenye mabaka tu, kama nilivyofundishwa. Naota jua la asubuhi kidogo, mikono wazi, wateja wakiniuliza nawaambia ni ugonjwa wangu wala hauwahusu. Yanawasha mpaka nataka kujikuna kwa brashi ya matairi. Sikuni. Nagonga gonga kwa kiganja. Yamefifia, viwiko viwili tu vimekataa amri.

Jana nilikwenda kliniki kuongezewa dawa. Watu walikuwa wengi, tumekaa kwenye mabenchi ya korido, nimechoka, nakaribia kusinzia. Nesi akatokea dirishani akaita, "Theodory."

Kabla sijafungua mdomo, mtu ameitika nyuma yangu. "Naam." Sauti ya mtu mzima, mpole, mwenye kukauka koo. Nyuma yangu palikuwa na ukuta, Shangazi. Mama aliyekaa kando yangu naye aligeuka kutazama, kwa hiyo usiniambie ni mimi.

Nilitaka kukimbia, nakuapia. Miguu ilishasimama. Halafu nikaifikiria ile karatasi yako, kuahirishwa kule, na majengo ya mji yanaonekana. Nikaona huyu mtu hakuja kunidai kitu. Yupo kwenye foleni tu. Amekuwa kwenye foleni tangu wewe ukiwa darasa la nne.

Nesi akaita tena, kwa hasira kidogo. "Theodory yupo au hayupo?"

Nikamwambia, "Tupo, dada. Tunakuja."

Akanipa kopo moja la dawa. Nikaomba la pili. Akauliza la nani. Nikamwambia ni la ndugu yangu, amechelewa sana kufika. Amenitazama, akatikisa kichwa, hakunipa. Wanatoa moja kwa jina moja. Basi hilo moja nimelibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye gari, na kwenye kiti nimekaa upande, nikamwachia nafasi.

Theodory.